Lotus Emira: V6 au silinda 4?

Tangu Lotus, kampuni ndogo ya Hethel huko Uingereza, ilipozindua gari lake la michezo Emira mwaka 2021, wanunuzi wamekuwa wakiulizana swali hilohilo: wachukue la injini ya V6 (silinda 6) au la silinda 4? Bodi ni moja. Injini nyuma ya viti ndiyo tofauti.

Kwa mbio zinakaribiana sana. V6 ya lita 3.5 yenye supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) ina nguvu za farasi 400, na ikiwa ya gia za mkono hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.3. Silinda 4 ya AMG (tawi la magari ya kasi la Mercedes), lita 2 na tabo, ilianza na farasi 360 na sekunde 4.4. Ila haina pedeli ya klachi: ni boksi la gia 8 la klachi mbili tu, linalojiendesha lenyewe. Anayetaka gia za mkono hana budi kuchukua V6.

Kwenye matunzo naipa V6 ushindi. Ni injini ya Toyota iitwayo 2GR-FE, ileile ya Harrier ya 3.5, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na mafundi wengi wanaijua. Ugonjwa wake ni wota pampu kuvuja: kabla hujalipa, mulika chini ya puli utafute alama za kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Plagi za upande wa kabini nazo ni ngumu kufikia.

Silinda 4 hunywa petroli kidogo, na panapotozwa kodi kwa ukubwa wa injini inakupunguzia mzigo. Lakini boksi lake linadai oili maalumu kwa wakati, na fundi mwenye kompyuta. Ukishinda kwenye foleni, hii itakufaa. Ukiwa na barabara za milima na fundi wa Toyota jirani, chukua V6.