Kompyuta haiwaki: uzoefu wangu kwa fundi wa karibu na soko la Mgandini, Tanga

Nina stesheneri ndogo Ngamiani. Nachapa barua, natoa kopi, naskani vyeti, na msimu wa maombi ya vyuo najaza fomu za wanafunzi mpaka usiku. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani, ya mtumba kutoka Uingereza, na huu ni mwaka wa 5 inanilisha. Mwezi wa 4, masika yamekolea, umeme ulikatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu mpaka taa ya barazani ikaungua. Asubuhi nikabonyeza swichi ya kompyuta. Kimya.

Sikukimbilia kwa fundi. Nilianza na soketi: nikachomeka chaji ya simu, ikaingiza. Nikaitoa kompyuta kwenye ekstensheni, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Nikabadilisha waya, nikatumia ule wa monita maana ni wa aina moja. Nikaangalia swichi ya nyuma, ile ya pawa saplai yenyewe (kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta), ambayo mtu akifagia anaweza kuigusa ikajizima. Baadhi ya mashine zina swichi nyingine nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, na swichi hiyo ikikaa kwenye 115 pawa saplai inaungua palepale, kwa hiyo mwenye watoto dukani aitazame kabla ya kuwasha. Yangu haina.

Mwisho nikachomoa waya kabisa, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, nikachomeka tena. Safari hii feni ikajitikisa, ikazunguka nusu, ikasimama. Nikibonyeza tena, vilevile.

Fundi wa kwanza simtaji, wala duka lake. Alibonyeza mara mbili, akasema mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vyote vya ndani, imekufa, niandae laki moja na themanini. Nikamuuliza kuhusu mafaili, akanijibu "tutaona". Hakufungua kasha, hakushika hata bisibisi. Neno lile "tutaona" lilininyima usingizi. Ndani ya diski ile mna barua za mirathi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi. Wameniachia kwa imani, na mimi sina pa kuwaambia "tutaona".

Dada anayepika chapati mlangoni kwangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja karibu na soko la Mgandini, aliyeanza na redio na televisheni miaka mingi kabla ya kugusa kompyuta. Nikaenda kwa bajaji, kompyuta nimeipakata kama mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, inafanyaje?"

Nikamweleza yote, na habari ya feni. Akanisimamisha hapo. "Feni ikijitikisa, umeme unafika. Kuna kitu kinaukataa. Tukitafute."

Kabla ya kugusa kingine chochote, alifungua kasha, akachomoa diski akaniwekea mkononi. "Kaa nayo hii. Mimi shida yangu umeme, humu mna kazi za watu." Hata kama asingetengeneza chochote, ningerudi kwake kwa jambo hili moja. Na nikawa nimejifunza pale kwamba mazabodi ikifa kweli, diski haifi nayo. Unaihamishia mashine nyingine na mafaili unayakuta. Baadaye aliichomeka kwenye kompyuta yake, nikafungua mafaili mawili matatu mwenyewe, moyo ukatulia.

Kisha akaanza kupunguza. Akatoa kisoma sidii, akatoa waya za yuesbii za mbele, akatoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, zote mbili. Alinieleza kuwa pawa saplai ikihisi nyaya zimegusana mahali, hujizima yenyewe isije ikaunguza vingine, kwa hiyo unatoa kimoja kimoja huku unajaribu, mpaka mkorofi ajulikane. Vyote vikatoka, feni bado inazunguka nusu na kusimama. Zikabaki mazabodi na pawa saplai.

Akaitenga pawa saplai, akaunganisha waya wake wa kuamsha na waya mweusi kwa kipande cha waya, akaipa mzigo wa feni na diski lake bovu, ndipo akachukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Waya unaotoa umeme hata mashine ikiwa imezimwa ulisoma volti 5, sawasawa. Ule wa volti 12 ulianza na 11, ukashuka mpaka 9, kisha kila kitu kikazima. Akanigeuzia multimita, akarudia, nikasoma mwenyewe. Akatoa rafuni pawa saplai nyingine ya kujaribia, akarudisha ramu, akabonyeza. Mazabodi iliyoambiwa imekufa ikawaka, monita ikaleta picha.

Ile mbovu aliiacha kando kwa muda kabla ya kuifungua, na nilipotaka kuigusa akanizuia kwa ukali. Ndani mna kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani. Kwa hiyo tafadhali, kasha la kompyuta fungua ukitaka, ila pawa saplai mwachie anayeijua. Alipoifungua tukakuta kapasita tatu zimevimba vichwa, moja imevuja utomvu wa kahawia, na kutu kwenye skrubu, maana hewa yetu ya bahari haiachi chuma. Angeweza kubadilisha zile tatu kwa elfu 25. Mwenyewe akanishauri nisifanye hivyo, kwa kuwa zilizobaki ni za umri uleule na zitafuata. Nikachukua nyingine ya mtumba kwa elfu 40. Ufundi elfu 10. Betri ndogo ya saa kwenye mazabodi nayo ilikuwa imekwisha, tarehe imerudi nyuma miaka mingi na tovuti zinakataa kufunguka. Hiyo elfu 2. Jumla elfu 52.

Sasa yasiyonipendeza. Ile ya kujaribia haikuwa ya kuuza, na mashine nyingi za ofisi kama yangu zina plagi yao ya kuunganisha pawa saplai na mazabodi, si ile ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo ilibidi nyingine iagizwe Dar ije kwa basi. Siku mbili. Hilo naelewa. Sielewi kwa nini hakunipigia simu, nikaenda mara mbili bure huku wateja wameniandama. Na dhamana ya mwezi mmoja alinipa kwa mdomo tu, bila karatasi. Mimi namwamini, lakini pawa saplai ikifa siku ya 20 na yeye hayupo, kijana wake nitamwonyesha nini?

Nilimwambia, kwa adabu, siku nilipokwenda kuichukua. Hakukasirika. Akasema kitabu cha risiti amekuwa akikusudia kukichapisha tangu mwaka jana. Nikamuuliza atachapisha wapi, akanitazama, akaitazama kompyuta iliyo mikononi mwangu. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea cha kwanza, kurasa 50, chenye nafasi ya kuandika aina ya kifaa, bei, na siku za dhamana. Risiti namba 001 ni yangu.