TAHADHARI: Mafundi wa kupolishi zege wanaokula hela ya maandalizi ya saiti halafu wanakupakia sila (dawa ya kupaka juu sakafu ing'ae)

Wakuu, habari za saa hizi. Mnaojenga Dar, yaani Goba, Madale, Bunju na huko Kigamboni naomba msome hii hata kama ni ndefu, kuna kundi la mafundi linapita saiti kwa saiti likiuza kazi ya sakafu ya zege ya kupolishi, bei wanashusha mpaka unajiuliza wenzao wanapata wapi ujasiri wa kuchaji zaidi, na kwa dada yangu wameacha uharibifu ambao mpaka leo tunahangaika nao.

Wanavyoanza ni hivi. Wanaomba asilimia kubwa mbele, wanaiita hela ya maandalizi ya saiti, yaani diski za almasi za kusagia, hadena (dawa ya kukaza zege), jenereta na plastiki za kufunika kuta. Ukishatuma kwenye simu hamna risiti wala mkataba, unaambiwa tu bosi usijali kesho tunaingia. Na kweli kesho wanaingia, ndo maana watu hawashtuki.

Sasa angalieni waliingia kwenye saiti gani. Jamvi, yaani sakafu ya zege, lilikuwa na wiki mbili tu tangu limwagwe, na kila fundi wa zege anajua ile habari ya siku 28, kabla ya hapo zege halijakomaa, ukilisaga mapema mchanga na kokoto vinang'oka vinaacha vishimo. Juu mafundi wa plasta bado wanapiga kazi, mota inadondoka chini. Mbao za skafodi zimelala kwenye jamvi zimeacha madoa meusi, pale mashine ya kuchanganyia zege iliposimama kuna oili imezama. Fundi mwenye nia njema anakwambia hapa bado, toeni kila kitu, malizeni plasta na kupaua, oili isafishwe, nyufa zizibwe, mniandalie umeme wa fezi tatu au jenereta, maji, na sehemu ya kumwaga tope, sio kwenye mfereji wala chemba maana lile tope la saruji likikauka huko limeziba. Hawa hawakuuliza hata kimoja! Hata kukwaruza sakafu na msumari waone ni ngumu kiasi gani hawakufanya.

Walisaga raundi moja na diski zilizoisha, bila maji, bila mashine ya kunyonya vumbi, vijana wamejifunga fulana puani. Hilo vumbi lina silika jamani, linaharibu mapafu na hayaponi, na wale vijana wa watu hamna aliyewaambia. Kazi ya kweli inaanza na diski ya griti (namba ya ukali) ya 30 au 40, unapanda 80, 150, unamwaga hadena inywewe na zege, ishikane na chokaa iliyomo ndani iwe ngumu, ndo unaendelea 400, 800, 1500 mpaka 3000 kama unataka kioo, mng'ao unatoka kwenye zege lenyewe. Wao "hadena" ilikuwa kwenye dumu la njano lililobanduliwa lebo, kumbe ni sila ya kawaida ya kung'arisha, wakaipaka na rola jioni, asubuhi sakafu inawaka, picha zikapigwa, hela iliyobaki ikalipwa.

Haikuchukua muda. Pale mlangoni mwa jikoni ile sila ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, chini yake weupe wa unyevu uliokosa pa kutokea, ukifagia unatoka na mchanga. Ukiwapigia simu haipatikani. Halafu juzi naona tangazo lao, picha waliyoweka ni sebule ya dada, dirisha lile lile, wanaandika "kazi zetu". Hii ndo imeniuma kuliko zote.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu hela ya mwisho chukua thina kali au asetoni, loweka kitambaa cheupe, kiweke kwenye kona ya sakafu dakika chache kisha sugua. Ikilainika, ikanata au mng'ao ukatoka, hapo umepakiwa sila ya juu, hujapolishiwa. Na kabla hata ya advansi dai wasage mita moja kwenye sakafu yako mwenyewe, sio kukuonyesha picha. Kama sakafu yako ni ya mota ya mchanga na saruji, sio zege la kokoto, na msumari unachimba kirahisi, ujue hiyo haipolishiki vizuri hata aje nani, bora upige terazo au vigae.

Ambao mmeshaingizwa msikubali waje "kurudia koti", ni kuongeza sila juu ya sila tu. Itolewe yote, jamvi liachwe likauke na likomae, lisagwe upya kuanzia griti ya chini. Tunzeni meseji za miamala na picha mpeleke polisi, sisi tumeshafungua jalada, na wenye vielelezo vya kundi hili hili njooni inbox tuunganishe.