Mafuta ya nywele kwa ukavu wa Dodoma: yapi ununue kwanza

Picha ya jani kwenye chupa haithibitishi kitu. Geuza nyuma usome viungo, maana vinapangwa kuanzia kilicho kingi. Kikitangulia paraffinum liquidum, hayo ni mafuta yanayotokana na petroli ghafi, hata kama mbele wameandika ubuyu. Ubuyu wenyewe huandikwa Adansonia digitata. Ukiukuta mwishoni, karibu na manukato, umelipia matone. Angalia pia nembo ya TBS na tarehe ya kutengenezwa. Kwa bidhaa za nje, si kila mchoro wa sungura ni uthibitisho kwamba hazikujaribiwa kwa wanyama. Tafuta alama ya Leaping Bunny.

Tunaweka mbele mafuta ya ubuyu yaliyokamuliwa bila moto. Mbuyu haukatwi: unga wa tunda unaliwa, mbegu zinazobaki ndizo zinazokamuliwa. Muulize muuzaji mbegu zimetoka wapi, nani kakamua, na lini. Ni ghali kwa sababu mbegu ni ngumu na haitoi mafuta mengi, ndiyo maana huchakachuliwa kwa alizeti. Ukiuziwa kwa bei ya alizeti, shuku.

Nazi inafuata, na imekuwa ya pili kwa sababu tu inasafirishwa kutoka pwani. Hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, hivyo paka kabla ya kuosha. Yakiganda asubuhi za Juni na Julai usiyarudishe dukani; chini ya nyuzi 24 hivi ndivyo yalivyo.

Alizeti ya Dodoma na Singida ni ya tatu: bei nafuu, mashine ziko jirani, lakini huchacha upesi. Nunua robo lita, weka mbali na jua. Nyonyo ni ya mwisho. Ni nzito mno na ikipakwa peke yake hunatisha nywele. Changanya kijiko 1 kwa vijiko 3 vya alizeti.

Wengi hulaumu mafuta kumbe wamepaka nywele kavu. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Lowesha kwanza, kisha kijiko 1 cha chai kinatosha nywele za mabegani, ukianzia kwenye ncha. Usioshe kwa sabuni ya mche: ikikutana na maji magumu ya kisima huacha utando mweupe, na mafuta yanakaa juu yake. Tumia shampuu.

Mkamuaji akikubali kujazia chupa ya zamani, mpelekee ya kioo iliyokauka kabisa. Maji yakibaki ndani, mafuta huharibika mapema.