Viti 10 kwa mstari: tathmini ya ndege pana za safari za ndani kwa msafiri wa Lubumbashi

Wengi wetu hapa Lubumbashi huamini kwamba ndege ikiwa kubwa, na kiti chake ni kikubwa. Sivyo ilivyo, na anayelipia tiketi kwa imani hiyo atajuta akishakaa. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mashirika mengi yaliweka viti 9 kwa kila mstari; siku hizi yaliyo mengi yameweka 10, vitatu kila upande na vinne katikati, ingawa mwili wa ndege haukupanuliwa. Kilichopunguzwa ni kiti chenyewe, kutoka sentimita 47 hivi hadi kama 43, na njia za kupita nazo zimebanwa. Boeing 737-800, aina ambayo Air Congo ilianza nayo safari zake mwezi wa Desemba 2024, ina viti 6 kwa mstari, na upana wa kiti chake ni hizo hizo sentimita 43 au zaidi kidogo. Kwa bega la abiria, basi, ndege ya njia mbili iliyopangwa viti 10 haina tofauti na ile ya njia moja tuliyoizoea kati ya Luano, uwanja wa ndege wa hapa kwetu, na N'djili, ule wa Kinshasa.

Ninayoitathmini hapa ni safari ya ndani ya Japani, kutoka uwanja wa Haneda mjini Tokyo hadi Fukuoka, kwa ndege ya viti 10 kwa mstari, niliyoifanya nikifuatilia magari yaliyotumika, yale ambayo huku kwetu hufika kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Mwenye kazi hiyo haachani na mita ya kupimia, kwa hiyo kabla sijafunga mkanda nilipima: kati ya mkono mmoja wa kiti na wa pili, sentimita 43; kutoka mgongo wa kiti changu hadi mgongo wa kiti cha mbele, 79. Nafasi ya miguu haikunisumbua, kwa kuwa migongo ya viti vya siku hizi ni myembamba, mfuko wa majarida umepandishwa juu, na magoti hupata pa kukaa. Tabu ilikuwa mabegani. Nilikaa katika kile kitalu cha viti vinne, kati ya baba mmoja aliyevaa koti zito na kijana aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta yake, na ilitubidi tupange mabega kama tunavyofanya katika taksi-bisi ya kwenda Kenya, komini ya hapa Lubumbashi: mmoja anaegemea nyuma, wa pili anasogea mbele kidogo. Kinywaji kilipoletwa, kila aliyetaka kuinua kikombe alingoja mwenzake ashushe mkono. Baba yule aliniinamishia kichwa kila mara kiwiko chake kilipovuka mpaka, nami nikamjibu vivyo hivyo. Hapakuwa na ugomvi, lakini kulala hakukuwezekana.

Hata hivyo, mpango huu una sababu ninayoiheshimu. Mwaka 1973 Japan Airlines ilianza kurusha 747SR, Boeing 747 iliyoimarishwa mwili kwa ajili ya safari fupi, kwa sababu ndege inayopaa na kutua mara nyingi kwa siku huchakaa upesi kuliko ile inayovuka bahari mara moja. Ndege hizo zilibeba karibu watu 500 kwa mwendo wa saa moja au mbili. Baadaye All Nippon Airways ilipanga viti 514 katika Boeing 777-300 zake za safari za ndani, na 429 katika 787-10. Nafasi za kuruka na kutua Haneda hazitoshi kwa mahitaji, na pasipowezekana kuongeza safari huongezwa watu ndani ya safari moja. Ufilipino nayo, ambako uwanja wa Manila umeelemewa vilevile, shirika la Cebu Pacific limeweka viti 459 katika Airbus A330neo, ndege ambayo mashirika mengine huiwekea viti 300 hivi.

Kilichonivutia zaidi ni kazi inayofanyika nje ya kiti. Abiria waliitwa kwa makundi, wakaingia kwa njia zote mbili, na wengi wao hawakubeba zaidi ya mkoba mmoja mdogo, kwa hiyo makabati ya juu yalifungwa bila wahudumu kusukumana na mizigo. Hilo si jambo la adabu tu. Kanuni ya kimataifa hudai kwamba watu wote wa ndege iliyojaa waweze kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa, na kila kiti kinachoongezwa ni mtu mwingine wa kupita mlangoni. Tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines, iliyokuwa katika safari ya ndani kutoka Sapporo, iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye njia ya kurukia ya Haneda. Walinzi 5 walifariki. Katika A350 walikuwemo abiria 367 na wafanyakazi 12, na wote walitoka hai kwa kutumia milango 3 tu kati ya 8, wakiacha mizigo yao iungue. Shirika linalotaka kujaza ndege namna hii liwe kwanza na wahudumu na abiria wa namna hiyo.

Nisichokikubali ni kuhamishia mpango huu kwenye safari ndefu kwa kisingizio kwamba nazo ni za ndani. United Airlines ya Marekani ina Boeing 777-200 za safari za ndani zenye viti 364, 10 kwa mstari, na baadhi ya njia zake ni za kwenda Hawaii. Kutoka San Francisco hadi Honolulu ni zaidi ya saa 5 juu ya bahari. Mtu mzima mwenye mwili wa kawaida hawezi kukunja mabega kwa muda huo wote asishuke na maumivu ya shingo.

Je, sisi ingetufaa? Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, saa mbili na kitu, kwa hiyo kiti kingevumilika. Wasiwasi wangu uko kwingine. Abiria wa Fukuoka akikosa ndege, ipo nyingine muda si mrefu, na tena kuna treni ya Shinkansen inayomfikisha Tokyo kwa saa 5 hivi. Sisi reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, inatuishia Ilebo, kisha ni mto, na safari nzima inakula siku nyingi. Ndege moja ya watu 400 ikiharibika Luano, watu 400 watalala mjini, tena na unga, maharagwe na samaki wakavu waliowachukulia ndugu zao Kinshasa. Ningependa zaidi tupewe ndege ndogo tatu zinazoondoka asubuhi, mchana na jioni kwa saa zilizoandikwa kwenye tiketi, kuliko moja kubwa inayojazwa hadi mlangoni.

Kwa safari ya saa mbili naipa huduma hii alama 7 juu ya 10. Kwa saa tano, 3. Atakayeipanda aombe mistari ya nyuma kabisa, pale mwili wa ndege unapoanza kukonda, kwani katika 777 nyingi viti vya upande wa dirisha hapo huwa viwili badala ya vitatu, na bega hupata nafasi kidogo. Anayesafiri na mama mzee amwekee kiti cha pembeni mwa njia, asilazimike kuwasimamisha watu wawili kila anapotaka kwenda chooni.