Mfumo wa simu za biashara: chukua ule unaokuonyesha simu ulizozikosa

Karibuni, ndugu watazamaji. Hiki hapa mezani ni Grandstream UCM6302, kisanduku cha kupokea na kugawa simu za ofisi, na leo nakichambua pamoja na njia nyingine za kuweka mfumo wa simu kwenye biashara. Wengi mmeniuliza, "nichukue upi?" Jibu langu ni hili: chukua ule utakaokuonyesha simu ulizozikosa. Usiokuonyesha hizo, hata uwe na mapambo kiasi gani, usiutolee hela.

Chukulia duka la vipuri pale Gerezani, Kariakoo. Namba ya biashara iko kwenye simu ya mkononi ya msimamizi. Mteja yuko Morogoro, gari lake liko juu ya jeki, anapiga kuulizia brekipedi. Anaambiwa namba inatumika. Hasubiri huyo, anapiga duka la pili. Jioni mwenye duka anahesabu mauzo, lakini yule wa Morogoro hayumo kwenye hesabu yoyote. Na siku msimamizi akiacha kazi, laini inaondoka naye, kwa sababu imesajiliwa kwa alama ya kidole chake. Hili la pili lishughulikieni leo leo: laini ya biashara isajiliwe kwa jina la kampuni.

Sasa, kabla hujaenda kununua chochote, kaa na daftari wiki nzima. Andika kila saa zinaingia simu ngapi, na kila moja inachukua dakika ngapi. Kuna hesabu ya foleni aliyoichapisha Agner Krarup Erlang mwaka 1917, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, na mpaka leo ndiyo inayotumika kupanga wahudumu. Tuseme saa ya pilikapilika unapata simu 60, kila simu dakika 3. Hizo ni dakika 180 za maongezi ndani ya saa moja, yaani watu watatu wanaongea bila kuvuta pumzi. Ukiweka hao watatu tu, foleni itazidi kurefuka, maana simu haziji kwa zamu. Zinaingia tano kwa mpigo, halafu kimya. Ukiweka wanne, na kama hakuna anayekata tamaa, mteja anasubiri wastani wa dakika moja na nusu. Ongeza wa tano: kusubiri kunashuka hadi sekunde 21 hivi.

Liangalieni vizuri hilo. Mhudumu mmoja tu amefuta zaidi ya dakika nzima ya kusubiri. Hakuna programu ya kuuziwa itakayokupa hivyo. Ndiyo maana nasisitiza taarifa: bila kujua wangapi walikata wakiwa kwenye foleni, huwezi kujua kama unahitaji mtu wa tano au mashine mpya.

Turudi kwenye kisanduku. Nakigeuza nyuma muone. Matundu haya mawili, FXO, ni ya laini za waya, kama ile ya TTCL ya ofisini. Haya mawili, FXS, ni ya kuchomeka simu ya mezani ya kawaida au faksi. Hakuna mahali pa kuweka kadi ya simu ya mkononi, na hilo wengi wanaligundua wakishalipa. Laini nyingine zinaingia kwa mtandao, kwa njia ya SIP, yaani utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti, na hizo zichukueni kwa kampuni ya simu yenye leseni. Akija mtu na mashine ya kupachika makumi ya kadi za simu, anakuahidi dakika za bei ya chee, muulize kwanza kibali. Kupitisha simu za kutoka nje ya nchi kwa mashine za namna hiyo ni kosa, na mwenye ofisi ndiye atakayeulizwa.

Uwezo wa kisanduku hiki ni watumiaji 1,000 na simu 150 kwa wakati mmoja. Kwa ofisi ya watu kumi ni kikubwa mno. Mdogo wake, UCM6301, mwenye watumiaji 500 na simu 75, anatosha na kubaki. Huna ada ya kulipia kila ekstensheni, yaani kila namba ya ndani ya ofisi, na ndani kinaendeshwa na Asterisk, programu huria aliyoianzisha Mark Spencer kule Marekani mwaka 1999, kwa hiyo fundi anayeijua Asterisk hatababaika.

Hapa nafungua taarifa za foleni. Zilizoingia, zilizopokelewa, waliokata wakisubiri, muda wa kusubiri. Safu ya waliokata ndiyo pesa yako. Mpe mhudumu mmoja kazi ya kuwapigia hao kila baada ya saa. Kwa hili tu, kisanduku hiki nakipa alama za juu.

Mbadala? FreePBX ni programu ya bure ya kuendesha simu za ofisi, unaiweka kwenye kompyuta ya kawaida. Inafanya karibu kila kitu nilichokuonyesheni. Ila inahitaji mtu wa kuitunza, na kama hamna mtu huyo, msianze. Ile PABX, mtambo wa zamani wa simu za ofisi, ya Panasonic KX-TES824 iliyo kwenye ofisi nyingi, laini 3 na ekstensheni 8 kabla ya kuongeza kadi, bado inaunganisha chumba na chumba vizuri, lakini haikupi taarifa za foleni, na Panasonic yenyewe ilishatangaza kujitoa kwenye biashara hiyo. Kwa huduma kwa wateja, hapana.

Halafu kuna mifumo ya kukaa kwenye seva za mbali. 3CX inatoza kwa idadi ya simu za wakati mmoja badala ya idadi ya watu, na hilo linatufaa sisi ambao watu kumi na wawili wanapokezana simu nne. Swali langu kwa muuzaji yeyote wa mifumo hii ni moja: seva iko wapi? Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani. Simu inayotoka Kariakoo kwenda Mbagala haina sababu ya kupitia Ulaya. Kama seva iko mbali, waambie wakuwekee njia ya dharura: mtandao ukianguka, simu zihamie zenyewe kwenye namba za mkononi.

Kuhusu kasi ya intaneti, msitishwe. Simu moja ya sauti safi inakula kilobiti 87 hivi kwa sekunde kila upande. Simu kumi hazifiki megabiti moja. Kinachoharibu sauti ni mtandao unaosuasua. Na ruta, kisanduku na swichi vyote viwe kwenye UPS, betri ya akiba, umeme tunaujua.

Usalama sasa. Ekstensheni 101 yenye nywila 101 ni mlango wazi. Wezi wanatafuta mifumo ya namna hiyo usiku na sikukuu, wanapiga nchi za mbali kwa namba za gharama kubwa, na bili inakuja kwako. Fungeni simu za nje ya nchi kama hamzihitaji. Mkirekodi maongezi, mjulisheni mteja mwanzoni mwa simu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019.

Siku ya kukabidhiwa, nywila kuu ya mfumo ibaki kwako kwa maandishi, siyo kichwani mwa fundi. Halafu niandikieni hapo chini saa yenu ya pilikapilika: simu ngapi, dakika ngapi kila moja, wahudumu wangapi. Nitawapigia hesabu ya foleni, mmoja mmoja.