Tuzo ya Rais Kenya: mlima ni sehemu ndogo tu, kazi yenyewe iko kwenye wiki 52

Kijana akitajiwa President's Award Kenya, mpango wa vijana wa kujiendeleza ambao hapa tutauita Tuzo ya Rais, huwaza mambo mawili: mkoba mgongoni kuelekea Mlima Kenya, na siku ya kupeana mkono na Rais akipokea Dhahabu, ngazi ya juu kabisa. Yote mawili yamo. Ila anayejiunga kwa ajili ya hayo tu huishia njiani, kwa sababu sehemu kubwa ya mpango huu ni saa moja ya kila wiki kwa kila shughuli, wiki nenda wiki rudi, bila wa kupiga makofi. Saa hiyo ndiyo inayomfanya mtu awe kiongozi, na ndiyo ambayo vituo vingi, yaani shule na vikundi vinavyouendesha mpango, huichezea.

Mpango ulianza Uingereza mwaka 1956 kwa juhudi za Prince Philip, ukafika Kenya mwaka 1966, na sasa una sheria yake iliyopitishwa mwaka 2017. Umri wa washiriki ni miaka 14 hadi 24, walio shuleni na wasio shuleni. Hakuna namba moja wala mkia: kila mmoja hupimwa kwa lengo alilojiwekea mwenyewe. Kwa nchi ambayo mtoto hupangwa kwa alama za mtihani tangu akiwa mdogo, hili peke yake ni jambo kubwa.

Ngazi ni tatu: Shaba kuanzia miaka 14, Fedha kuanzia 15, Dhahabu kuanzia 16. Kila ngazi ina Huduma, Ujuzi, Mazoezi ya Mwili na Safari ya Ujasiri, na Dhahabu huongeza siku 5 na usiku 4 za kuishi na kufanya kazi mbali na nyumbani pamoja na watu usiowazoea. Muda kwa kila moja ya sehemu tatu za kwanza ni wiki 13 kwa Shaba, 26 kwa Fedha na 52 kwa Dhahabu. Kwenye Shaba, sehemu moja kati ya hizo huongezewa wiki 13. Anayeingia Fedha bila Shaba, au Dhahabu bila Fedha, huongezewa wiki 26 katika sehemu moja, kwa hiyo aliyerukia Dhahabu atakuwa na sehemu ya wiki 78. Mwenye miaka 14 au 15 aanze Shaba bila kujadili. Mwenye miaka 20 na kuendelea anaweza kwenda Dhahabu moja kwa moja, mradi ajue anachotia sahihi.

Sehemu ya Ujuzi ndiyo tunayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayochaguliwa vibaya kuliko zote. Wengi huchukua kitu wanachokijua tayari, au kile kilicho karibu na bweni. Wito wa mtu haujitokezi hivyo. Chagua kazi yenye hatua zinazoonekana: ushonaji, ufugaji wa nyuki, ufundi wa baiskeli, kupiga nyatiti. Kisha andika lengo ambalo fundi anaweza kulikagua kwa macho. “Kujua kushona” si lengo. “Kufikia wiki ya 26 niwe nimekata na kushona shati la sare lenye kola na mfuko, bila fundi kugusa mkasi” ni lengo. Mtathmini, yaani anayepima maendeleo yako, naye awe mtu wa kazi hiyo. Mwalimu wa hesabu asiyejua kutia uzi kwenye cherehani hawezi kukuambia kwa nini kola yako inajikunja.

Huduma ukiioanisha na Ujuzi, faida huongezeka. Anayejifunza kushona anaweza kurekebisha sare za watoto katika makao ya watoto yaliyo karibu. Saa zile zile hazihesabiwi mara mbili, basi tenga siku: Jumanne kwa fundi, Jumamosi kwenye makao. Katikati ya kipindi, upya ukishaisha, ndipo kijana hujijua. Kama bado anaamka Jumamosi bila kusukumwa, ana jambo la kufikiria kuhusu maisha yake ya baadaye. Kama amechoka kabisa, hilo pia ni jibu, na anaweza kuzungumza na kiongozi wake, mtu mzima anayemsimamia kituoni, kuhusu kubadilisha shughuli badala ya kuendelea kwa kujilazimisha.

Kila mshiriki huandika alichofanya kwenye daftari, na ugonjwa mkubwa wa mpango huu ni kumbukumbu za kupika. Muhula hukatwa na likizo fupi na mitihani, wiki zinaruka, halafu usiku mmoja kabla ya makataa daftari linajazwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa kalamu moja. Dalili zake hazifichiki: “Nilisaidia wazee. Ilikuwa vizuri,” mara kumi na tatu. Kumbukumbu ya kweli ni fupi lakini ina mwili: “Saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Kumsomea mzee gazeti. Haoni maandishi madogo, wiki ijayo nije na miwani ya kukuza. Niliongea haraka mno.” Sentensi ya mwisho ndiyo uongozi wenyewe: mtu amejiona, na amepanga kubadilika. Dawa ni kuandika siku ile ile, na kiongozi kukagua kila baada ya wiki mbili. Akisubiri mwisho wa muhula, amechelewa.

Mazoezi ya Mwili hayana utata mwingi. Yawe ya kutoa jasho, na pima pale ulipoanzia, kwa mfano dakika unazotumia kukimbia kilomita 3, ili uwe na cha kulinganisha.

Safari ya Ujasiri ni siku 2 na usiku 1 kwa Shaba, siku 3 na usiku 2 kwa Fedha, siku 4 na usiku 3 kwa Dhahabu, na shughuli ya wastani wa saa 6, 7 na 8 kwa siku kwa mfuatano huo. Kikundi ni watu 4 hadi 7, hakuna gari, na mizigo wanabeba wenyewe. Kabla ya safari ya kupimwa kuna mafunzo na safari ya majaribio. Kituo kinachoruka majaribio ili kuokoa nauli, kikimbie. Ni huko ndiko viatu vipya hutoa malengelenge, hema hugundulika halina vigingi, na kikundi hujua nani hunyamaza akichoka.

Mpangilio wa njia ufanywe na vijana wenyewe kwenye ramani ya Survey of Kenya ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Kwa waliobeba mizigo, hesabu kilomita 4 kwa saa, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mpando wa mita 600 ni saa 4 kabla ya kupumzika. Mkoba usizidi robo ya uzito wa mbebaji. Maharagwe makavu yabaki nyumbani: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, mafuta ya jiko yataisha na chakula hakijaiva. Kichwa kikiuma huku mtu akitapika kwenye mwinuko huo, hapandi tena, na hali ikizidi anateremshwa, hata kama kilele kinaonekana.

Kila siku iwe na kiongozi tofauti, na mwendo uwekwe na anayekwenda polepole. Watu wazima wakae mbali kiasi cha kutosikia mabishano ya njia panda, ila karibu kiasi cha kufika pakitokea hatari. Mwalimu anayetembea mbele na ramani mkononi amewanyang'anya vijana safari yao.

Kuhusu gharama, uliza kabla ya kujiandikisha: ada ya usajili, nauli, chakula, ada za kuingia hifadhini, na kama kituo kina mahema ya kuazima. Mzazi asiyeambiwa bei ya Safari mwanzoni hushtuka mwishoni, na kijana huachia njiani akiwa amebakiza sehemu moja.

Kwa jumla tunaipendekeza Tuzo ya Rais bila kusita pale kituo kinapokuwa na kiongozi aliyepata mafunzo na mwenye muda. Ili umjue, mwombe akuonyeshe daftari la mshiriki mmoja aliye katikati ya Fedha, kwa ridhaa ya mwenyewe. Likiwa na tarehe zinazofuatana, wino tofauti tofauti na maoni ya mtathmini pembeni, jiandikishe. Akikuonyesha picha za mlimani tu, tafuta kituo kingine.