Maandalizi ya kujitolea Salvador, Brazil: nilikwenda kwa wasemaji wa Kireno, nikafundishwa Kihispania

Natoa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za somo moja tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya awali, Tanga. Mwaka jana nilikubaliwa kujitolea miezi minne katika kituo cha watoto huko Ribeira, mtaa wa mji wa chini wa Salvador, jimbo la Bahia. Sikuwahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro, kwa hiyo nikalipa dola 90 kwa kampuni moja inayouza mafunzo ya maandalizi mtandaoni. Kifurushi kiliitwa cha Amerika ya Kusini: masomo ya video, daftari la misemo na orodha ya mizigo.

Nafungua daftari, nakutana na "buenos días". Brazil wanazungumza Kireno, na Salvador salamu ya asubuhi ni "bom dia", hiyo "dia" wakiitamka "djia". Nilipouliza nikajibiwa kwamba lugha hizo ni ndugu, tutaelewana. Mtu mzima pengine atakuvumilia. Mtoto wa miaka mitano akikwambia tumbo linamuuma, unatakiwa umwelewe pale pale.

Likafuata somo la ugonjwa wa mwinuko: pumzika siku mbili, usipande ngazi kwa haraka. Hilo linamfaa anayekwenda La Paz au Cusco, miji ya milimani. Salvador iko baharini kama Tanga. Orodha ya mizigo nayo ilitaka makoti mazito mawili, nami nikayatafuta mitumbani siku nzima. Nilifika mwezi Mei, na mvua kubwa za Salvador hunyesha Aprili hadi Julai. Nilichohitaji ni mwavuli, ndala na adapta, maana soketi zao ni za pini za duara.

Kilichonikasirisha hasa ni viza. Walisema kwa sentensi moja: ombeni ya utalii, ni rahisi. Kumbe sheria ya uhamiaji ya Brazil ya mwaka 2017 ina viza ya muda kwa ajili ya huduma ya kujitolea. Nililijua hilo kwa kupanda basi hadi ubalozi wa Brazil, Dar es Salaam. Ikabidi nitafute upya barua ya kituo na cheti cha polisi cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, wakati siku za safari zinakwisha. Ukishafika, una siku 90 za kwenda kujiandikisha polisi wa shirikisho. Hata hilo hawakuligusa.

Kadi ya homa ya manjano pia hawakuitaja. Brazil ina ugonjwa huo, na Tanzania inaidai kadi kwa anayetoka nchi za namna hiyo, hivyo utaihitaji siku ya kurudi nyumbani. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi haiishi muda, ukichanjwa mara moja umemaliza.

Sasa hizo nyota mbili. Lilikuwapo somo la kulinda watoto, na mwezeshaji wake alijua kazi. Usiwapige picha watoto ukazirusha mitandaoni. Usijifungie chumbani na mtoto. Na tangu wiki ya kwanza waambie tarehe utakayoondoka, wasije wakaamka siku moja wakakukosa. Nilichora kalenda kubwa ya wiki 16, nikaibandika karibu na mlango, na kila Ijumaa mtoto mmoja alipaka rangi mraba mmoja. Wiki ya mwisho binti mmoja alikataa kupaka. Aliishika ile penseli ya rangi ya chungwa akaniangalia tu. Nikakaa naye chini mpaka alipokuwa tayari, na nilishukuru kwamba nilikuwa nimeandaliwa kwa dakika ile.

Kireno nilikipata kwa dada wa Msumbiji anayeishi Dar, kwa simu, jioni tatu kwa wiki kwa wiki sita. Alianza na maneno ambayo tayari ninayo: mesa ni meza, bandeira ni bendera, vinho ni mvinyo. Usiku wa kwanza mama mwenyeji wangu aliniletea shuka, akanyanyua kipande kidogo cha kitambaa na kusema "fronha". Foronya! Nilijisikia nimefika kwa watu. Watoto walituita "tia", yaani shangazi, kama wetu wanavyotuita anti.

Mawili ya kuongezea, kwa kuwa hakuna aliyenieleza. Jirani na kituo wanauza acarajé, na ukiimega unaikuta bagia ya kunde, ila imekaangwa kwa mawese na kujazwa kamba wakavu. Na saa: wako nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo mama akinipigia saa mbili usiku ya Tanga, kule ni saa 2 mchana kwa kuhesabu kwao. Sikuwahi kukosea kumpigia.

Niliomba nirudishiwe hata nusu ya fedha. Wamejibu kwamba daftari la Kireno linaandaliwa. Likitoka nitalisoma lote, na nitarudi hapa kubadilisha nyota.